Uzi maalumu: Yakisoba ya kuku na mboga, na namna ya kuzuia tambi zisigeuke bonge

#1 MwanaTanga_Shizuoka (mleta mada)

Wakuu, habari za Jumapili.

Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Japani, mkoa wa Shizuoka, na kila nikiweka picha ya chakula nilichopika, swali linalorudi ni lilelile: dada, hizo tambi za kukaanga na kuku unazipikaje? Wengi wanaouliza wameshajaribu wenyewe. Kikaango kiliwajaa maji, tambi zikashikana, kabichi ikalegea na kuku akatoka mkavu. Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja nifungue uzi, mwenye swali aulize hapahapa na wengine wafaidike.

Chakula chenyewe kinaitwa yakisoba. "Yaki" ni kuchoma au kukaanga, "soba" ni tambi, na hapo ndipo watu wanapokosea dukani. Soba ya kawaida ya Wajapani ni tambi za kijivu ambazo unga wake mkuu si wa ngano, ingawa nyingi huchanganywa na ngano kidogo, nazo ukizikaanga zinakatikakatika. Yakisoba haitumii hizo. Tambi zake ni za unga wa ngano, za rangi ya manjano, ndugu wa zile za rameni, tambi za mchuzi za Wajapani, na asili yake ni Uchina. Kwa hiyo ukiona pakiti imeandikwa soba tu na tambi zina rangi ya kijivu, rudisha kwenye rafu.

Mimi nilifundishwa kupika na mzee mmoja wa mtaani kwetu, seremala mstaafu. Mtaa wetu una chama cha wakazi, na kila Agosti chama huandaa sherehe ya kiangazi. Ngoma za taiko zinapigwa, watoto wanavaa yukata, yaani kimono nyepesi za kiangazi, na sisi wakazi tunapangiwa zamu za vibandani. Mwaka wangu wa pili nikapangwa kibanda cha yakisoba. Kule hawatumii kikaango. Wanatumia sahani nene ya chuma iitwayo teppan, pana kama meza ya watu wanne, chini yake moto wa gesi. Mzee alishika miko miwili bapa ya chuma, mmoja kila mkono.

Alimwaga mafuta, akatandaza tambi sahani nzima, kisha akasimama tu. Nikanyoosha mkono nizigeuze. Akauzuia kwa ubapa wa mwiko na kuniambia neno moja: "Mada." Kwa Kijapani maana yake "bado". Tukasubiri. Zilipoanza kutoa harufu ya mkate unaookwa, akazigeuza kwa mapande makubwa, na upande wa chini ulikuwa umepiga rangi ya kahawia. Ndipo akamimina maji kidogo kutoka kwenye birika. Mvuke ukapanda ukatufunika wote, naye akawa anafumua tambi kwa miko yote miwili, haraka haraka, mpaka maji yakakauka. Akaniambia nisikilize. Sauti ya chuma ilikuwa imebadilika, kule kutokota kumeisha na kumebaki kuchachatika. Hapo, na si kabla ya hapo, ndipo akamwaga sosi.

Mkikumbuka kitu kimoja tu kwenye uzi huu, kiwe hicho. Yakisoba inaharibiwa na maji. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na maadamu yapo kikaangoni, chakula hakiwezi kupata joto zaidi ya hapo. Rangi ya kahawia na ile harufu ya kukaangwa vinataka nyuzi 140 hivi na kuendelea. Kikaango chenye maji kinachemsha, hakikaangi, hata moto uwe mkubwa namna gani.

Vipimo vyangu kwa watu wawili:

Tambi zilizokwisha kuiva gramu 300. Hapa Japani zinauzwa zimepikwa kwa mvuke, pakiti ya gramu 150 kwa kila mtu. Paja la kuku lisilo na mfupa gramu 200, na ngozi yake. Kabichi majani manne makubwa. Karoti nusu, kitunguu maji nusu, pilipili hoho moja, na gao moja la choroko zilizoota ukizipata. Mafuta vijiko viwili vya chakula. Sosi nitaieleza chini kwa wasio na ile ya chupa, ila mwenye nayo atumie vijiko vinne vya chakula.

Kata kuku vipande vya ukubwa wa kidole gumba, mpake kijiko cha chai cha sosi ya soya, tangawizi iliyokunwa kidogo, na kijiko cha chai cha wanga wa mahindi. Wanga unamfunika kuku na kumzuia asitoe maji yake kikaangoni. Mboga zioshwe mapema na zikaushwe kwa kitambaa kabisa. Kabichi usiikate nyembamba kama ya kachumbari. Ikate mapande ya mraba, sentimita nne hivi, maana nyembamba hutoa maji upesi.

Kikaango kiwe kipana. Kipashe moto mpaka mafuta yateleze kama maji. Weka tambi, zitandaze, ziache dakika mbili hadi tatu bila kugusa, geuza, acha tena dakika moja. Toa, weka pembeni. Kuku aingie ngozi ikitazama chini, naye usimguse mpaka ngozi iwe ya dhahabu. Geuza, apate dakika mbili tatu mpaka ndani awe mweupe. Sasa karoti na kitunguu, dakika moja. Hoho na shina la kabichi, nusu dakika. Majani ya kabichi na choroko mwisho. Rudisha tambi, changanya, kisha sosi uimwage kuzunguka ukingo wa kikaango, pale chuma kilipo moto zaidi, ili iungue kidogo kabla ya kufika kwenye tambi. Changanya dakika moja, zima.

Juu yake Wajapani hunyunyiza mwani wa kijani uliosagwa, unaitwa aonori, na tangawizi nyekundu iliyowekwa kwenye siki. Hiyo tangawizi usiidharau, inakata mafuta mdomoni.

Karibuni kwa maswali.

#2 Binti_Kimara

Dada, asante sana kwa uzi huu. Mimi ni miongoni mwa wale waliokuandikia. Swali langu ni la tambi. Hapa Dar hizo za mvuke sijaziona. Nina spageti na Indomie. Nitumie ipi?

#3 Fundi_Jiko_Mwanza

Mleta mada, hilo la maji umenifumbua macho. Nilipika Jumamosi iliyopita kwa watu sita. Nilitia vyote kikaangoni kwa mpigo, tambi pakiti nzima, kuku kilo moja, kabichi nzima, nikafunika ili viive. Nilipofunua nilikuta supu. Nikaongeza moto, tambi zikavimba zikawa bonge moja zito, na wageni walikula kwa adabu tu. Nilidhani kosa ni sosi. Swali: kwa watu sita nafanyaje, na jiko langu ni la gesi la plate mbili?

#4 MwanaTanga_Shizuoka

@Fundi_Jiko_Mwanza kaka, pole, na nakushukuru kwa kueleza ulivyofanya hatua kwa hatua, maana kosa linaonekana wazi. Ni mawili. La kwanza ni wingi. Kikaango kina joto lake la akiba. Ukikitupia kilo tatu za vitu baridi kwa pamoja, joto linaporomoka, mboga zinaanza kutoa maji, na gesi ya nyumbani haiwezi kuyakausha kwa kasi yanavyotoka. La pili ni mfuniko. Ukifunika, mvuke unarudi chini ukiwa maji.

Kwa watu sita pika mara tatu, watu wawili kwa kila mkupuo. Kila kitu kiwe kimekatwa na kugawanywa mafungu matatu kabla hujawasha moto. Mkupuo mmoja ni dakika kumi hivi, kwa hiyo nusu saa umemaliza. Na kwa kuwa una plate mbili, moja ikaange tambi tu, nyingine kuku na mboga. Utaona kazi inavyokwenda.

@Binti_Kimara mdogo wangu, zote mbili zinafaa ila kwa njia tofauti.

Indomie imeshakaangwa kiwandani, kwa hiyo inalainika haraka mno. Ichemshe nusu tu ya muda ulioandikwa, ichuje, imwagie maji baridi, ichuje tena, itandaze kwenye sinia. Kile kipakiti cha viungo usikitie, chumvi itazidi.

Spageti ni bora zaidi, ila itakosa ule mvutano mpaka uisaidie. Siri ya tambi za rameni na yakisoba ni maji ya chumvichumvi za magadi wanayokandia unga. Wajapani wanayaita kansui. Magadi hayo yanaifanya tambi iwe na mnato na uthabiti, isilegee upesi kwenye joto. Hata ile njano mara nyingi haitoki kwenye yai, inatoka kwenye unga wenyewe unapokutana na magadi. Sasa wewe weka lita moja ya maji kwenye sufuria kubwa, yakichemka tia kijiko kimoja cha chakula cha beking soda na chumvi kidogo. Itatoa povu jingi, kwa hiyo sufuria isijae. Tumia spageti nyembamba. Ionje mara kwa mara, itoe ikiwa bado na ugumu kidogo katikati. Isuuze vizuri kwa maji baridi ili ladha ya soda iondoke, ichuje, ipake kijiko cha chai cha mafuta, itandaze kwenye sinia nusu saa ikauke juu. Hiyo nusu saa usiiruke.

#5 Mwl_Kemia_Arusha

Nimesoma kwa makini. Naomba niongeze jambo, maana naona litamjia mtu akilini: kama kansui ni magadi, si nitumie magadi yetu ya sokoni, yale tunayopikia makande na maharage?

Kikemia umepatia. Magadi ya Ziwa Magadi kule Kenya na ya Ziwa Natron hapa kwetu ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na kansui nayo ni kaboneti za sodiamu na potasiamu. Ni vitu vya ukoo mmoja. Lakini magadi ghafi ya ukanda huu yana floraidi nyingi. Wakazi wa Arusha na Kilimanjaro wanaijua vizuri athari ya floraidi kwenye meno ya watoto, ile rangi ya kahawia isiyotoka kwa mswaki. Maji yetu peke yake yanatosha kuleta tatizo hilo, hakuna haja ya kuliongeza kwenye sufuria. Beking soda ya dukani imesafishwa, tumieni hiyo.

Na anayetaka ikaribie kansui zaidi, atandaze beking soda kwenye trei na kuioka kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa moja. Inapoteza maji na hewa ya kaboni, inageuka kaboneti. Ikishageuka inakuwa kali, inawasha ngozi, kwa hiyo ishikwe kwa kijiko, na ipunguzwe iwe chini ya nusu ya kipimo alichotaja mleta mada.

#6 MwanaTanga_Shizuoka

Mwalimu, shikamoo na ahsante sana. Mama yangu alikuwa anatia magadi kwenye maharage kila siku na sisi watoto hatukujua lolote. Wote mnaosoma, shikeni hilo la mwalimu: beking soda.

#7 Mswahili_wa_Mvita

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Tambi nimeelewa. Sasa hii sosi. Nimeiona duka moja kubwa huku, chupa ndogo kabisa, na bei yake ni ya kuku mzima. Hakuna njia ya mtu kujitengenezea? Na ndani yake mna nini haswa, mbona yanukia kama matunda?

#8 MwanaTanga_Shizuoka

Kaka wa Mvita, pua yako haijakudanganya. Ni matunda kweli.

Sosi ya yakisoba ni mtoto wa sosi ya Worcestershire ya Waingereza, ile ya Lea & Perrins iliyoanza kuuzwa mwaka 1837. Sosi ile ina siki, samaki wadogo waliochachushwa, vitunguu, na ukwaju. Ndiyo, ukwaju huuhuu wetu. Wajapani walipoipokea waliipunguzia ukali, wakaiongezea mboga na matunda, wakaifanya nzito na tamu. Kampuni ya Otafuku ya Hiroshima, ambayo chupa zake utazikuta karibu kila jiko huku, inatia tende kwenye sosi yake. Nilipogeuza chupa mara ya kwanza na kusoma orodha ya vilivyomo, nikakuta neno la tende, nilikaa nikitazama ile karatasi muda mrefu. Ukwaju, tende, samaki mkavu, tangawizi. Mtu wa pwani vitu hivi anavyo kabatini tayari.

Hii ndiyo ninayopika mwenyewe chupa ikiisha. Tende laini sita, toa kokwa, loweka kwenye nusu kikombe cha maji ya moto mpaka zilainike, saga. Tia ukwaju mzito uliochujwa vijiko viwili vya chakula, tomato sosi vijiko vitatu, sosi ya soya vijiko vinne, siki kijiko kimoja, pilipili manga nusu kijiko cha chai, na karafuu mbili zilizosagwa. Chemsha kwa moto mdogo dakika kumi mpaka iwe nzito kiasi cha kushika mgongo wa kijiko. Ipoe, itie kwenye chupa safi, iweke kwenye friji. Kwa tambi za watu wawili anza na vijiko vitatu, onja, kisha ongeza. Inatosha mara mbili au tatu.

Ukiwa na haraka kabisa na una Worcestershire ya kawaida: vijiko vitatu vya hiyo, kimoja cha sosi ya chaza, kimoja cha tomato sosi, kijiko cha chai cha soya na kijiko cha chai cha sukari. Changanya kwenye bakuli kabla ya kuanza kupika. Usiwe unatafuta chupa huku tambi zinaungua.

#9 Bibi_wa_Maskati

Mwanangu, nimesoma yote kwa miwani yangu. Mimi niko Maskati, wajukuu zangu wanapenda sana vyakula hivi vya Kijapani wanaviona kwenye simu. Tende hapa hazina shida. Swali langu ni la halali. Nasikia Wajapani wanapika na pombe.

#10 MwanaTanga_Shizuoka

Shikamoo bibi. Swali lako ni la muhimu sana na ningelitaja mwanzoni.

Yakisoba ya vibandani huku karibu yote ni ya nyama ya nguruwe. Hata ukiomba ya kuku au ya mboga tupu, inapikwa kwenye sahani ileile ya chuma. Kwa hiyo mjukuu akija Japani kutembea, asile ya kibandani bila kuuliza. Ndiyo sababu mimi napika nyumbani kwa kuku. Nyumba yetu haili nguruwe, na zamu yangu kwenye sherehe huwa naomba nikate mboga.

Kuhusu pombe, iko kimiminika kitamu kinaitwa mirin, Wajapani wanakitumia sana, na ile halisi ina kilevi cha asilimia 14 hivi. Baadhi ya mapishi ya yakisoba yanaitaja, na mengine yanataja sake, pombe ya mchele. Usitie, bibi. Utamu utoke kwenye tende, hutakosa kitu. Sosi za chupa nazo zisomwe, maana nyingine zina kilevi kidogo au mchuzi wa nyama. Otafuku wana aina zinazotengenezwa Malaysia zenye nembo ya halali, tafuta nembo hiyo. Na hata soya ya kawaida inapochachuka hutoa kilevi kidogo chenyewe, ndiyo maana zipo chupa za soya zenye nembo pia.

#11 Bibi_wa_Maskati

Marahaba mwanangu. Mungu akuweke. Nitasaga tende.

#12 Msafiri_Kansai

Mleta mada heshima kwako, lakini naomba nitofautiane nawe mahali pawili.

Mimi niko Osaka mwaka wa nne. Huku sijaona watu wengi wakikaanga tambi peke yake kwanza. Wanatia nyama, mboga, halafu tambi juu, maji kidogo, wanafumua, sosi, basi. Na inakuwa tamu. Pili, kuku si asili ya chakula hiki. Umesema mwenyewe kuwa ni nguruwe. Nadhani watu waambiwe kwamba hii ni tafsiri yako.

Niongeze na faida: yakisoba ina miji yake kama pilau ilivyo na mikoa yake. Yokote, mkoa wa Akita, wanaweka yai la kukaanga juu, kiini kibichibichi, na kachumbari nyekundu pembeni. Namie, Fukushima, tambi zao ni nene kama kalamu, na ule mji ulihamishwa watu wote baada ya ajali ya nyuklia ya mwaka 2011, lakini wenyewe waliendelea kupika chakula chao ugenini, na mwaka 2013 wakashinda mashindano ya kitaifa ya vyakula vya mitaani yanayoitwa B-1 Grand Prix.

#13 MwanaTanga_Shizuoka

Kaka Msafiri, nashukuru sana kwa habari za Namie. Nimewahi kuzila tambi zile kwenye maonyesho, na waliokuwa wanapika walikuwa watu wa mji wenyewe. Kula chakula cha mji ambao wakati ule wenyewe hawakuruhusiwa kulala ndani yake lilikuwa jambo zito.

Kuhusu njia ya kutia vyote pamoja, nakubali ipo, na kwenye pakiti ndivyo ilivyoandikwa: maji mililita 50 hivi, fumua, kausha, sosi. Tambi za mvuke zinaivumilia. Lakini spageti ya Binti Kimara haitavumilia, imeshakunywa maji ya kutosha kwenye sufuria. Kwa mpishi wa nyumbani mwenye moto mdogo, kukaanga tambi kwanza ndiyo njia yenye uhakika, na sitaacha kuisema.

Kuhusu kuku, sidai kuwa ndiyo asili. Hata hivyo asili yenyewe ya yakisoba ni tambi za kukaanga za Wachina ambazo watu wa Asakusa, Tokyo, walizitia sosi ya Kiingereza kabla ya vita, na baada ya vita, ngano ilipokuwa adimu, kabichi ikaongezwa ili sahani ijae. Chakula hiki kimekuwa kikibadilika mkononi mwa kila aliyekipika. Mimi nilichoshika ni kwamba kuku awe paja na awe na ngozi, kwa sababu mafuta ya ngozi yanachukua nafasi ya yale ya nguruwe. Kidari kikavu hakitoi mafuta, na ndipo wengi wanaposema ya kuku haina ladha.

Na kwa kuwa umetaja miji, acha nitaje wa mkoani kwangu. Fujinomiya, chini ya Mlima Fuji, ndio walioshinda B-1 Grand Prix ya kwanza kabisa mwaka 2006. Tambi zao ni ngumu kuliko za kwingine, na mwisho wananyunyizia unga wa dagaa waliokaushwa. Nilipoonja mara ya kwanza nilijua ile harufu kabla sijaambiwa ni nini. Tangu hapo mimi huchukua dagaa wakavu, natoa vichwa na matumbo, nawakaanga bila mafuta mpaka wakatike kwa vidole, nasaga, na nanyunyiza kijiko cha chai kwa kila sahani moto ukishazimwa. Wenye dagaa wa Kigoma au wa Mwanza, hamna haja ya kuagiza chochote Japani. Wawe wasafi tu, wasiwe na mchanga.

#14 Fundi_Jiko_Mwanza

Dagaa wapo mlangoni kwangu. Nakuja na mrejesho.

#15 Binti_Kimara

Wakuu, mrejesho.

Nilipika jana jioni. Spageti nyembamba, beking soda kijiko kimoja. Povu lilipanda kweli, nikapunguza moto. Maji yakawa ya njano na tambi zikawa na harufu kama ya rameni ya mgahawani. Nilizisuuza mara tatu. Nilizitandaza kwenye sinia karibu na feni, nusu saa kamili.

Nilipozitia kikaangoni mkono uliniwasha kutaka kugeuza. Nikajisemea "mada, mada". Nilipogeuza zilikuwa na rangi ya mandazi. Kabichi ilibaki na mlio ukitafuna. Choroko niliziotesha mwenyewe siku tatu kwenye kitambaa kibichi.

Kilichonishinda ni kuku. Ngozi iliganda kwenye kikaango ikachanika. Na sosi yangu ya tende ilitoka tamu mno.

#16 MwanaTanga_Shizuoka

Mdogo wangu, umenifurahisha sana. Choroko za kuotesha mwenyewe ni bora kuliko za hapa kwenye mifuko.

Ngozi ikiganda, sababu ni moja kati ya mbili. Kikaango hakikuwa moto vya kutosha kuku alipoingia, au ulimng'oa mapema. Ngozi ikishaiva inajiachia yenyewe. Ukisukuma kipande kikakataa, basi bado. Pia baada ya kutoa tambi, pangusa kikaango kwa karatasi. Mabaki ya tambi yakibaki yanashika ngozi.

Utamu wa sosi unategemea tende. Za kwenu zikiwa zile laini nyeusi zenye asali, tia nne badala ya sita, na ongeza ukwaju nusu kijiko. Usiongeze chumvi kuficha utamu, utajikuta na matatizo mawili.

#17 Fundi_Jiko_Mwanza

Na mimi mrejesho. Mafungu matatu, plate mbili, bila mfuniko. Mama watoto alikuwa anakaanga tambi, mimi kuku na mboga. Fungu la kwanza lilitoka na majimaji kidogo kwa sababu kabichi sikuikausha vizuri, la pili na la tatu safi kabisa. Ile sauti uliyoisema niliisikia. Inabadilika kweli, ni kama mvua inapokatika juu ya bati. Unga wa dagaa nilinyunyiza mwisho, na mkwe wangu ambaye hali vyakula vigeni aliomba aongezewe.

#18 Mama_Junior_Thika

Nimekuwa nikisoma kimya tangu mwanzo. Mimi nataka kujua kama naweza kuipika usiku na kumwekea mtoto kwenye mkebe wa chakula cha shule kesho yake. Na je, itakuwa salama?

#19 MwanaTanga_Shizuoka

Mama Junior, inawezekana, watoto wa huku wanabeba kila siku. Ila fuata haya. Ikishaiva itandaze kwenye sahani pana ipoe upesi, kisha iingie kwenye friji usiku huohuo, isilale mezani. Asubuhi ipashe kwenye kikaango mpaka iwe moto kabisa ndani, hasa kuku, iache ipoe tena kabla ya kufunga mkebe, maana ukifunga ikiwa na mvuke, maji yatadondoka kwenye tambi na chakula kitaharibika mapema. Kama shule iko mbali na jua ni kali, weka na kichupa cha maji yaliyoganda pembeni ya mkebe.

Njia nyingine ambayo watoto huku wanaipenda zaidi ni kuipasua skonzi ndefu katikati na kuijaza yakisoba ya jana, inaitwa yakisoba pan, utaikuta hata kwenye maduka madogo ya pembezoni mwa barabara. Hiyo kuku wake mkate vipande vidogo zaidi. Na ukijua tangu usiku kwamba ni ya kesho, punguza sosi kijiko kimoja, kwa sababu ikilala inakolea.